Kilemba cha Bakari na Safari ya Radi Kavu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mapapai mabichi. Masika ilikataa kukoma, muhogo ukaoza ardhini, mchele ukawa wa kuulizwa hali kama mgonjwa, na Bweni nzima tukamenya mapapai mabichi, tukayatia tui, tukayaita futari hata Ramadhani ilipokwisha pita. Pweza walikuwa tele, maana miamba ilikuwa imefunguliwa baada ya wavuvi kukatazwa miezi. Basi kila nyumba papai na pweza, pweza na papai, hata watoto wakiona chungu kimeinjikwa wanalia. Mkiukumbuka mwaka huo, ndio huo niliosafiri.

Naandika, mashoga zangu wa kusuka ukili, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza. Mmoja anauliza nilikula nini, wa pili anauliza kama nilimwona Bakari, wa tatu anasinzia. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa, lakini herufi hazikunitoka. Atakayewasomea ni yule mwenye miwani, na akifika pabaya asiruke.

Habari za pasi na picha na mihuri sizisemi. Hakuna aliyenenepa kwa muhuri.

BWENI MPAKA NG'AMBO

Ninyi mnamjua Bakari, lakini daftari hutembea, na mgeni naye ajue. Bakari ni mwana wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu ana meno mawili. Mimi namwita mume wangu kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake wa kiume, yeye ananiita mke wangu mzee. Sauti yake ilivuka mto. Pantoni ikilala upande wa Pangani na mtu ana haraka huku Bweni, alitumwa mtoto mbio kwangu: "Bi Mwanaidi, tuazime Bakari." Anasimama gatini, anavuta pumzi, anaita mara moja, na kule ng'ambo wanawasha mashine. Sijapata kumwona akiita mara ya pili.

Alipokuwa kijana akaja uani na wenzake wawili. Mmoja Mhina, Mbondei wa Muheza, mfupi, mikono haitulii, alikuwa akipiga ndoo zangu kwa mwiko wangu. Wa pili Salimu, mtoto wa wale Waarabu wenye minazi, mrefu mpaka anainama mlangoni, ana gitaa la umeme. Wakaanza. Gitaa kama bati linaburutwa barabarani, na Bakari anapiga makelele kama mtu aliyekanyaga nge. Nikatoka jikoni na upawa mkononi. "Nini hii? Hii ni radi kavu. Kelele tupu, mvua hakuna!"

Wakatazamana. Salimu akasema, "Bibi, ahsante. Tulikuwa tunatafuta jina."

Nimewatukana, wakanishukuru. Ndivyo Radi Kavu ilivyozaliwa. Muziki wenyewe una jina la Kizungu, nimeuliza mara tatu: posti-hadikoo. Maana yake hata wao hawaijui.

Sasa sikilizeni, maana yote yaliyofuata yametoka hapa. Mimi nimeongoza ngoma ya wanawake Bweni miaka mingi, si mtu wa kuhadithiwa. Katika ngoma yetu anayeongoza huvishwa kilemba mbele ya wenzake, na hakivuliwi na mtu. Akitaka kuacha hukivua mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wale wale, akampa amtakaye. Akisafiri, mahali pake panakaa wazi. Akiugua, panakaa wazi. Niliwaona watoto wale hawana utaratibu, kila mmoja anataka mbele. Nikafungua sanduku nikatoa kilemba cha babu yake Bakari, cheupe chenye tarizi ya hudhurungi, nikamfunga Bakari mbele ya Mhina na Salimu. "Leo ngoma ina mwenyewe," nikasema. Walicheka, lakini walicheka vichwa vimeinama. Tangu hapo Bakari hakupanda jukwaa bila kile kitambaa.

Na mwaka ule wa mapapai ulikuwa wa nne tangu Bakari atokomee Mombasa, hana simu, hana salamu.

Kwa hiyo Zuhura alipokuja kuniambia Radi Kavu watasafiri mpaka Mombasa, wapite walikopita tangu mwanzo, na wanataka niwe nao, nilikubali kabla hajamaliza chai. Zuhura ni binti wa Mabawa, pale Tanga, mwenye kompyuta, nitamfikia. Alidhani nimependa muziki. Kumbe nilikuwa na changu. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniletea neno kutoka kwa mwanamke wa Mombasa aitwaye Bi Rukia, anauza mahamri Kibokoni: "Mwambie yule bibi wa Bweni, mjukuu wake anakula kwangu." Neno lilikuwa limekwisha zeeka njiani, lakini nililifunga penye pindo la kanga na sikumwambia mtu, hata ninyi.

Siku ya kuondoka pantoni ilikwama Pangani, lori la nazi limezama tairi pale pa kupandia. Tulikaa gatini tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Hasira zikanipanda, nikasimama pale pale alipokuwa akisimama mume wangu, nikaita, "Leteni chombo!"

Kunguru mmoja akageuka. Basi.

PANGANI MPAKA MABAWA

Pangani tulikula kwenye nyumba ya jukwaa lao la kwanza, na jukwaa lenyewe lilikuwa harusi. Baba wa bibi harusi alisikia mtoto wa wale Waarabu wa minazi ana kikundi, akadhani ni taarabu. Akawakodia mkeka na vipaza sauti. Bakari alipotoa ule ukelele wa kwanza, nyanya wa bibi harusi akasema jini la mtu limepanda, leteni ubani. Ukaletwa ubani, ukafukizwa kwenye spika. Mhina akaendelea kupiga huku akikohoa. Wakapewa pilau kwenye sinia, wakaombwa kwa adabu waende wakalile mbali.

Yule bibi harusi sasa ana watoto watatu. Alitutilia wali, wali wa kweli, sijui aliutoa wapi mwaka ule, na papa mkavu wa nazi. Akasema, "Shikamoo bibi. Wenzangu harusi zao zimesahaulika zote. Yangu watu wanaihadithia mpaka leo." Akauliza, "Na yule mwenye kilemba?"

 Salimu akaomba maji.

Njia ya Tanga nilikaa mbele, na Salimu anaendesha. Kigari chao mlango wake unafungwa kwa kamba, ukikata kona unabisha hodi. Tulipita mkonge na minazi, Mhina analala juu ya ngoma zake kama kuku juu ya mayai.

MABAWA, SIKU MBILI

Nyumbani kwa Zuhura kuna chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na humo ndimo Radi Kavu ilimokuwa mtu mzima. Zuhura alikuwa fundi simu. Alikuja kuwatengenezea spika, akabaki. Ana kompyuta na kinanda cha umeme, akaanza kutia humo kila sauti ya Mabawa: msumeno wa chuma wa jirani, kengele ya baiskeli ya muuza barafu, chura wa mtaroni. Anazivuta, anazikata, anazigeuza, mpaka zinatoka kama kitu kinachoimba chini ya maji, na juu yake Bakari anapiga kelele na Salimu anaburuta bati lake. Mimi nilisema ni wazimu. Lakini nilisema nikiwa nimekaa, sikuondoka.

Mhina alinuna. "Mashine ikipiga ngoma, mimi nipige nini, mbu?" Akarudi Muheza kuchuma machungwa msimu mzima. Bakari ndiye aliyekwenda kumrudisha, mara tatu, mara ya tatu akamkuta juu ya mti akakaa chini yake akipiga kelele mpaka mwenye shamba akamsihi Mhina, "Nenda naye, machungwa yangu yanapukutika." Wakarudi, wakatundika magodoro ukutani, wakarekodi kanda ya kwanza. Wao hawaiiti kanda, lakini mimi naiita. Wakarekodi ya pili. Redio moja ikaipiga mara moja tu, na msikilizaji akapiga simu kuuliza kama pale studio kumeshika moto. Vijana wakazidi kuitafuta. Mombasa wakawaita mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Bakari alishuka jukwaani katikati ya wimbo wa mwisho, akatoka mlango wa nyuma. Wakangoja. Kesho yake likaja neno moja kwenye simu ya Zuhura: "Endeleeni." Namba ikafa.

Kanda ya tatu waliitengeneza na sauti yake iliyobaki kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesikia, sikuwa nimeona. Siku ile ya kwanza, baada ya Adhuhuri, walipiga kwenye ukumbi mmoja Tanga, nami nikawekewa kiti pembeni. Mbele katikati ilisimama maiki peke yake, haina mtu.

Kabla sijalitafakari hilo, vijana chini wakaanza kusukumana. Wanagongana vifua, wanaanguka, wanainuliwa. Nikasema wanauana. Nikavua kandambili nikaingia. Nimemcharaza kijana wa kwanza mgongoni, akageuka, kandambili bado iko juu, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikasema. "Mnapigania nini?"

"Hatupigani bibi, tunafurahi."

Nikawa nimesimama katikati yao na kiatu mkononi, nao wanazunguka wakiniachia nafasi kama mtungi wa maji. Na hapo ndipo sauti ya mume wangu ilipotoka kwenye spika.

Sikulia. Nikavaa kandambili yangu, mguu usio wake.

Walipomaliza nikamfuata Zuhura. Yeye ni msichana, basi namwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu," nikasema, "kumbe umemfungia humu." Nikamwuliza kama anaweza kunisikilizisha, siyo kelele, ile pumzi anayovuta kabla. Akapapasa mashine yake, akanivisha vile vya masikioni. Pumzi. Kama anavyovuta gatini. Nikasema tena. Akarudia. Nikasema tena. Alirudia mara kumi na moja, sikuona amechoka.

Kesho yake wakanijia wote wanne na kanga mpya ya Mombasa na sahani ya halua. Wanne, maana aliongezeka mmoja, msichana Riziki, anakaanga samaki pale Mabawa, macho makavu, hapepesi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Kanga mpya haiji na halua bila kuja na neno.

Zuhura akakaa mkekani. "Bibi, miaka minne tunapiga na maiki tupu. Watu wanasema Radi Kavu ni bendi ya mzimu. Riziki ana sauti. Tunaomba Mombasa, mbele za watu, umvishe kilemba."

"Kilemba kiko kichwani kwa Bakari."

"Alituandikia tuendelee."

"Neno la simu si mkono."

Mhina akasema, "Bibi, na asiporudi?"

Hapo nikainuka. Nikaisukuma ile kanga kwa mguu, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Nikasema, "Kilemba sikivui mimi, atakivua mwenye kichwa."

Riziki akainuka. Akaikunja kanga, akaiweka juu ya begi langu, akaenda kuosha sahani.

MABAWA MPAKA MPAKANI

Tulifika Duga, kabla ya mpaka, na hapo kigari kikafa. Moshi mweupe, halafu kimya. Salimu akafungua mbele akatazama kama mtu anayetazama kaburi. Fundi, tukaambiwa, yupo, lakini kaenda shambani kwake, kule, na mkono ukaonyesha mbali sana, ng'ambo ya mabwawa ya mpunga yaliyojaa maji.

Mama mmoja wa Kidigo akatuita barazani kwake. Alikuwa na kisamvu na samaki wa kukausha, na kando yake, nikacheka mwenyewe, papai bichi la nazi. "Hata huku?" nikamwuliza.

"Mama, mwaka huu Mungu ni mpapai," akasema, na akajishika mdomo kwa kufuru.

Akaona maboksi ya ngoma. "Ninyi mnacheza nini?"

Mhina akasema, "Kelele, mama."

"Basi pigeni hizo kelele fundi aje, au mtalala kwangu na mimi mume wangu mkali."

Wakatazamana. Riziki akanawa mikono. Akaenda mpaka ukingo wa bwawa, akasimama miguu imeachana, akavuta pumzi, na mimi nikarudisha tonge sahanini, maana ile pumzi niliijua. Akaita mara moja. Ndege wakaruka. Kule mbali sana mtu mdogo kama sisimizi akainuka kwenye mpunga akapunga kofia.

Yule mama wa Kidigo akasema, "Huyu mtoto ana sauti ya kuvukia maji."

Mimi nikanywa, nikasema maji yamezidi chumvi. Yalikuwa maji ya mtungi, matamu.

Mpakani ofisa mmoja aliamuru maboksi yafunguliwe. Akatazama ngoma, akatazama waya, akanitazama mimi. "Na huyu bibi anapiga nini?"

Zuhura akasema, "Yeye ndiye mwenye bendi."

"Pita, mama," akasema ofisa, na akaninyanyulia begi mwenyewe.

LIKONI

Ninyi mnaoisifu pantoni yetu, nendeni Likoni mkaone. Watu wanamiminika kama mchele kutoka gunia lililotoboka, na feri inawameza wote. Sijaona anayeita. Feri inakuja tu, watu wanapanda tu, hakuna anayesubiriwa kwa jina. Nikamwuliza mwanamke mmoja aliyebeba kuku, "Hapa mtu akitaka kuvuka peke yake na haraka, anamwita nani?"

Akacheka. "Mama, hapa hakuna anayeitwa. Hapa mtu hujiendea."

Neno lile lilinikaa.

KIBOKONI

Asubuhi ya siku ya jukwaa nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Nikauliza mahamri ya Bi Rukia, nikafikishwa kwenye baraza ya mawe na karai la mafuta. Mwanamke mnene, uso mwema, unga mpaka kwenye nyusi. Alinitazama mara moja.

"Nawe ndiwe Bi Mwanaidi wa Bweni."

"Ndimi. Yuko wapi?"

Akaepua karai kwanza. Mtu akiepua karai kabla ya kujibu, jibu unalo. "Hayuko, mamangu. Ameondoka tangu Rajabu. Amepata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo."

Akanitilia mbaazi na mahamri, nikala, maana mtu asipokula kwa watu atalia kwa watu. Akanieleza. Siku ile jukwaani koo lilipasuka, akatema damu kwenye kile kitambaa. Daktari akamwambia akipiga kelele tena atakuwa bubu. Sauti iliyobaki ni mnong'ono, kama karatasi juu ya karatasi. Bi Rukia alimkuta amekaa barazani kwake, akamtilia chakula, akabaki miaka akimkandia unga.

"Kwa nini hakurudi kwangu?"

"Nilimwuliza. Alisema, 'Bibi atanituma niite pantoni.'"

Mashoga zangu, mimi nina ulimi, mnaujua. Siku ile niliuziba kwa hamri.

Bi Rukia akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mna kilemba cha babu yake. Kimefuliwa, damu imetoka, kimebaki kivuli cha doa tu penye tarizi, na kimepigwa pasi, kimekunjwa pande nne, kona juu ya kona. "Alisema, 'Mke wangu mzee akija, mpe. Atajua wa kumpa.'"

Nguo iliyotupwa kwa hasira haipigwi pasi. Ningekikuta kimeviringwa, kichafu, ningesema atarudi kukitafuta. Lakini alikaa na pasi ya makaa, akakinyoosha, akakitazama. Mtu aliyemaliza ndiye hukunja kona juu ya kona.

Nikakitia chini kabisa ya mkoba wangu wa ukili, juu yake nikaweka mahamri.

JUKWAANI, BAADA YA ALASIRI

Ukumbi ulikuwa wa sinema ya zamani, viti vimeng'olewa, umejaa mpaka milangoni. Radi Kavu wakapiga. Sauti ya Bakari ikatoka kwenye mashine, maiki yake imesimama tupu, na vijana wa Mombasa wanaimba naye kila neno. Wanamjua. Mjukuu wangu aliyenong'ona miaka kwenye baraza ya jirani, mji mzima ulikuwa unamwimba na haukujua kuwa alikuwamo.

Halafu Zuhura akanyamazisha kila kitu, akanipandisha. Riziki akasimama kando ya ile maiki tupu, hakuigusa. Zuhura akanipa ya kwake mkononi. "Bibi, neno lako."

Mkoba ulikuwa kwapani. Nasikia kile kitambaa mbavuni kama ni mtu. Nilimtazama Riziki. Mimi si mjinga, na sauti naijua. Tangu Duga nilijua wa kumpa. Ilikuwa kufungua mkoba tu.

Nikafungua mdomo.

"Kilemba sikivui mimi, atakivua mwenye kichwa."

 Nikasikia Mhina anaweka kijiti chini. Nikageuka nishuke, na sauti yangu ikaniita kwa nyuma. "Kilemba sikivui mimi, atakivua mwenye kichwa." Ni Zuhura. Ameikamata. Ameitia kwenye ile mashine yake alimomfungia mume wangu, na sasa inarudia, ile ile, na mkwaruzo wangu wa uzee ndani yake. Mara ya tatu Mhina akaingia na ngoma kubwa. Mara ya tano Salimu akaburuta bati. Vijana wakashika, ukumbi mzima unakataa pamoja nami, na wale wa kusukumana wakaanza kusukumana.

Riziki hakulia. Akaichukua maiki yangu mkononi mwangu, taratibu, akaiacha ile tupu ilivyo, akavuta pumzi, akapiga kelele kulizunguka neno langu kama mtu anayepita kando ya kaburi bila kulikanyaga.

KURUDI

Wenzake walibaki Tanga. Riziki alinifikisha mpaka Pangani, sikumwomba. Pantoni ilikuwa upande wa Bweni. Nikamwambia tungoje. Akaniangalia, akaenda gatini, akaita mara moja, na kule kwetu wakawasha mashine. Ninyi mliokuwa sokoni siku ile mlisikia, mkasema Bakari karudi, mkaja mbio. Mkanikuta mimi.

Pantoni ikiwa inakuja nilimwuliza, "Umenichukia?"

"Sijakuchukia bibi. Nitapiga kichwa kitupu. Kichwa kitupu chepesi."

Mkono wangu ulifika mpaka penye pindo la kitambaa. Nikatoa hamri, nikampa.

Sasa mmesikia. Kilemba kiko kwenye sanduku langu, kwenye bahasha yake, kona juu ya kona. Niliwadanganya nilipowaambia sikupata habari. Mwenye miwani asishushe sauti hapa, asome vizuri.

Najua mtakavyosema. "Bi Mwanaidi, si alishakivua mwenyewe?" Alikivua barazani kwa watu, hana mwenzake hata mmoja mbele yake. Ngoma yetu haijui hivyo, nanyi mmecheza nami mnajua. Zuhura ananiambia ule wimbo sasa unapigwa Tanga na Mombasa, na vijana wanautia kwenye simu zao, na simu zinapanda meli. Basi na upande. Kunguru mmoja tu aligeuka nilipoita gatini, sauti yangu haivuki mto. Huenda ile ya kwenye mashine ikavuka, ikamfikia Bakari.

Na wewe Riziki, najua daftari hili litakufikia. Kilemba ni chako. Nimelisema. Lakini Bakari aje kwanza. Asimame uani kwangu mbele ya Mhina na Salimu, akivue kwa mkono wake akupe. Kelele sitaki, pantoni sitamtuma, nitaita mtoto wa mtu mwingine. Anong'one tu, mimi masikio ninayo.

Kabla ya hapo asije mtu na kanga wala halua. Kilemba sikivui mimi, atakivua mwenye kichwa.